Tumbaku ya Itiryo Hunikohoza

Mimi sikuolewa na mwanaume. Nimeolewa na mama mmoja mvuta kiko, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikishaanza kusimulia sipendi kukatizwa. Huku Tarime jambo hili lina jina lake, nyumba ntobhu: mama mjane asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mke, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Basi mimi ndiye niliyetolewa ng'ombe. Nilitoka kwetu Issenye, upande wa Serengeti, nimekaa nyuma ya bodaboda na begi langu nimelikumbatia, nikakabidhiwa kwa mama mrefu, mkavu, mwenye kiko mdomoni. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia kwa pembeni ya mdomo ili kiko kisidondoke. Namwita mama. Yeye mbele za watu huniita "mke wangu". Tukiwa wawili haniiti kitu, husema tu, "Lete moto."

Huo moto ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza pale, hata kabla ya kuonyeshwa kisima. Katika nyumba ile mtu mzima hawashi kiko chake mwenyewe. Mke anakishindilia tumbaku kwa kidole gumba, anaweka kaa la moto juu yake, anavuta mpaka kishike, anafuta mdomo wa kiko kwa kiganja, halafu anakabidhi kwa mikono miwili. Siku ya kwanza nilivuta, haki ya Mungu, nikadhani nimemeza pilipili nzima. Nilikohoa nikapiga magoti, machozi yananitoka. Mama alikuwa amenyoosha mkono, anangoja kiko chake. Hakuniambia pole. Nikasema moyoni, nimeolewa na jiwe.

Ila kwa tumbaku yule mama alikuwa balaa. Akina mama walikuwa wakitoka vijiji vya mbali kumletea tumbaku zao azionje, wamezifunga kwenye majani ya mgomba au kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa na namna yake ya kuzitofautisha. Ya Itiryo, kwao alikozaliwa, hutundikwa darini juu ya jiko mpaka jani linakuwa jeusi, linanata kwa moshi. Hiyo alisema ina hasira. Ya kwetu Issenye huanikwa juani, inabaki na rangi ya udongo, haina makali. Hiyo alisema imelala, halafu ananikata jicho, "kama watu wa kwao." Na kulikuwa na ya kopo, inayovushwa kutoka Kenya kupitia Sirari, yenye unyevunyevu na harufu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi. "Hii ni pipi," alisema. "Wapeni watoto." Lakini sikukuu ikifika ningemkuta anadokoa kidogo ile ya kopo na kuichanganya na ya Itiryo, na nikimwangalia anajikausha.

Mchanganyiko wake wa kila siku ulikuwa ya Itiryo chini, ya Issenye juu. Nilimuuliza kwa nini asizikoroge tu pamoja. Akanijibu kwamba ile yenye hasira inatakiwa imkute mtu ameshakaa vizuri. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kidogo, ingawa sikumwonyesha. Aliweza kujua jani lililochumwa kabla ya mvua na lililochumwa baada ya mvua. Aliweza kukuambia hii imekaushwa juu ya moto wa kuni, na hii juu ya moto wa mavi ya ng'ombe. Kuna mgeni alichanganya za mashamba mawili kusudi amkomoe. Mama akavuta, akatema mate, akayataja mashamba yote mawili, akamwambia na lipi kati ya hayo halijapaliwa vizuri. Yule mgeni aliondoka bila kuaga.

Mimi nami nilijifunza, utake usitake, maana mvuto wa kwanza wa kila kiko ulikuwa wangu. Ya Itiryo hunikohoza mpaka leo.

Halafu masika ya mwaka jana mama akapata homa. Alilala ndani siku nyingi, akatoka amepungua, ila kichwa kizima na mdomo uleule. Nikafurahi. Siku moja nikiwa na haraka nikauunguza mchicha mpaka ukashika sufuria. Nikampelekea huku nimejiandaa kutukanwa, maana mama hajawahi kuusamehe mchicha ulioungua. Akala wote. Hakusema neno. Kesho yake nikazidisha chumvi makusudi, nyingi, hata watoto wakalia. Akala. Jioni yake nikamjazia kiko ya kopo tupu badala ya mchanganyiko wake, nikakaa kando nikijifanya nachambua maharage. Akavuta mpaka kikaisha, akakung'uta majivu, akasema, "Basi, kalaleni."

Ulimi wa mama ulikuwa umekufa, na pua pia. Yeye hakusema, nami sikusema. Wageni waliendelea kuleta tumbaku zao, naye akaanza kuwaambia amechoka, waje siku nyingine. Nilijua kwa nini anaficha. Alikuwepo mtu aliyekuwa anangoja ateleze kidogo tu.

Mtu huyo ni mtoto wa marehemu shemeji yake, mdogo wa mumewe. Ni mwanaume wa makamo, alizunguka miaka kwenye machimbo ya dhahabu, akarudi na simu kubwa na madeni, akakuta nyumba ya mama mkubwa wake imejaa watoto. Alikuwa amekulia akiambiwa kwamba mji ule, yaani nyumba zote za pale, na shamba la kando ya kijito, na ng'ombe waliomo zizini vitakuwa vyake, kwa kuwa mama hakujaliwa mtoto wa kiume. Namwelewa. Kumwelewa si kumpenda. Mama alipotamka mbele ya ukoo kwamba kila kitu ni cha watoto wangu, kwa kuwa ndio nyumba yake, mwanaume yule akaanza kuzungusha maneno: "Bibi kachanganyikiwa. Homa imepanda kichwani. Kaniita kwa jina la baba yangu. Kamsalimia mgeni mara mbili." Mimi aliniambia uso kwa uso, pale kisimani, "Wewe ukikaa na adabu nitakuachia jiko." Nilimjibu maneno ambayo sitayarudia hapa.

Lakini maneno yake yalishika. Ikionekana mama hana akili timamu, kauli yake haina uzito, na mwenye kumsimamia atakuwa yeye. Mimi na wanangu tungerudi Issenye na begi lilelile, au tungebaki pale chini ya mwanaume ambaye nisingempa hata maji ya kunawa. Wazee wa ukoo wakaitisha kikao nyumbani kwetu, uwanjani mbele ya zizi.

Walikuja asubuhi, ng'ombe wameshatoka. Tuliwapangia viti vya plastiki, na mzee aliyeongoza kikao akakaa kwenye kigoda chake alichokuja nacho. Mama aliketi kwenye ngozi, miguu ameinyoosha. Mimi nilikaa nyuma kidogo, juu ya mkeka, kama anavyokaa mke. Mke hasemi kwenye kikao mpaka aulizwe. Kwa mtu mwenye mdomo kama wangu, hiyo ni adhabu tosha.

Mwanaume yule alieleza malalamiko yake kwa sauti ya huruma, unaweza kudhani anamsomea sala. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akakuna ndevu.

"Tusiseme hewani," akasema. "Shemeji yetu tunamjua. Nchi hii yote hakuna anayeijua tumbaku kama yeye. Mtu akipotewa na akili, kinachotangulia kupotea ni kile alichokuwa anakijua. Ajazwe viko vitatu, avute, atuambie kilichomo. Wazee watajaza viwili, na wewe mlalamikaji utajaza kimoja. Akijua, maneno yameisha. Asipojua, tutayasikiliza maneno yako upya."

Wazee wakaitikia kwa furaha, wakaona ni jambo jema, hata la kufurahisha. Nilitaka kusimama niwapigie kelele: ulimi una uhusiano gani na akili, jamani? Nilijing'ata shavu kwa ndani mpaka nikasikia damu. Nilimwangalia mama, nikingoja akatae, aseme anaumwa, aseme amewadharau, chochote. Alikuwa anakuna kisigino.

"Haya," akasema. "Jazeni."

Wakaenda nyuma ya ghala na viko. Wakarudi navyo vitatu, wakaviweka juu ya ungo. Mama hakuvigusa.

"Lete moto," akaniambia.

Nikaenda jikoni. Kaa likanidondoka mara mbili. Hakuna aliyeniuliza kitu, maana miaka yote kila aliyefika pale ameniona nikiwasha. Nikachukua kiko cha kwanza, nikaweka kaa, nikavuta. Sikuhitaji mvuto wa pili. Kilinikamata kooni, nikakohoa mpaka nikainama. Ya Itiryo, tena ya zamani, imekaa darini misimu. Nikafuta mdomo wa kiko, nikampa kwa mikono miwili, nikarudi kwenye mkeka wangu nikiwa nimebeba jibu ambalo sina ruhusa ya kulitoa. Nilimwomba Mungu, nikaomba na mizimu ya kwao na ya kwetu, ili nisibague.

Mama akavuta taratibu. Akatoa moshi. Akaniangalia kidogo tu, kama mtu anavyoangalia jua limefika wapi.

"Itiryo," akasema. "Kwetu."

Mzee aliyejaza kile kiko akapiga paja lake. "Kweli kabisa!"

Wee! Nilitaka kupiga vigelegele. Ulimi umerudi! Mungu mkubwa, ulimi wa mama umerudi, tena leo! Nikaruka kuwasha cha pili kabla hajaniambia. Hicho hata kabla ya kuvuta nilikijua kwa harufu: ndizi iliyooza na sukari. Nikavuta, nikampa. Mama akavuta, akaniangalia, akakunja midomo.

"Nani ameleta pipi kwenye kikao cha watu wazima? Hii ya kopo, ya Sirari."

Wazee wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, mkono mdomoni. Mwanaume yule hakucheka. Alikuwa ananiangalia mimi, simu yake ameishika bila kuitazama, na nikaona kabisa wazo linamwingia.

"Cha tatu asiwashe huyu," akasema. "Nitawasha mimi."

"Kuwasha ni kazi ya mke wake," akajibu mzee.

"Ndiyo, baba. Lakini leo niwashe mimi. Kama bibi anajua, anajua. Kuna ubaya gani nikimwashia mama yangu mkubwa?"

Mzee akamtazama mama. Mama akainua mabega yake kama aliyeombwa chumvi.

"Awashe," akasema.

Sikujali sana, kusema kweli. Ulimi si umerudi? Nilikaa nikajifunika kanga vizuri, nikangoja kumwona akiumbuka. Mwanaume akachukua kiko alichokijaza mwenyewe, akaweka kaa, akavuta mvuto mmoja, mwingine, mpaka kikashika. Akampa mama kwa mkono mmoja. Upepo ukaleta moshi upande wangu. Nikaunusa.

Haikuwa tumbaku. Sijui niseme nini, ilikuwa harufu ya shamba baada ya mavuno, tunapokusanya majani ya maboga na kuyachoma. Hakukuwa na tumbaku hata chembe. Na yeyote ambaye ulimi wake umekufa hawezi kulijua hilo, atataja shamba lolote linalomjia kichwani, na watamcheka mpaka jioni, na kesho mimi niko barabarani na wanangu. Nilitaka kukohoa, nikaona watajua ni ishara. Nilitaka kusimama. Mwanaume yule alikuwa amenikazia macho.

Mama alivuta. Akavuta tena. Akakishusha kiko mapajani, akamtazama mwanaume, akageuka akanitazama mimi, mpaka mzee mmoja akaanza kusogeza kiti chake.

"Sionji kitu," akasema.

Mwanaume akapumua kwa sauti. Mimi nilifumba macho.

"Sionji kitu tangu masika," mama akaendelea, kwa sauti ileile anayotumia kuagiza moto. "Ugali na udongo kwangu mimi sasa ni kimoja. Hata hivyo viko viwili sikuvionja. Nilimwangalia mke wangu. Ya Itiryo humkohoza, tangu siku ya kwanza aliyofika hapa, akapiga magoti pale, pale penye jiwe. Ya kopo anaipenda, ingawa anajifanya haipendi, na akiivuta hulamba mdomo wa chini. Ya kwao Issenye akiivuta mabega yanamshuka, anakuwa kama mtu aliyefika nyumbani. Na tangu masika ananiunguzia mboga na kunitia chumvi ya kuua ng'ombe, halafu ananichungulia huku anachambua maharage. Anadhani sioni."

Wazee wote waligeuka kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Sasa hiki umekiwasha wewe, mura, kijana wangu," akamwambia mwanaume. "Nikakuangalia wewe. Umeanza sigara kabla ya ndevu, ila kiko hukukizoea, nakujua. Kiko cha tumbaku kingekujaza mate, ungetema. Hukutema. Hukuangalia moto, uliniangalia mimi. Nikamwangalia na huyu wangu. Amekunja pua upande wa kushoto. Pua hiyo huikunja mara moja tu kwa mwaka, akichoma takataka za shambani. Hii si tumbaku. Umenijazia majani. Mzee, mwaga uone."

Mzee akachukua kile kiko, akakigeuza juu ya kiganja, akasugua kwa kidole, akanusa. Akampa mwenzake. Naye akanusa.

"Maboga," akasema yule wa pili, na hakuna aliyecheka.

"Nilitaka nijue kama atasema uongo," mwanaume akasema. Sauti ya sala ilikuwa imekwisha.

"Sasa umejua," mama akamjibu.

Mzee aliyeongoza alifuta mikono yake kwenye koti. Alisema yeye ameona mtu asiyeonja, lakini mtu asiye na akili hajamwona hapa, labda kama kuna mwenzake amemwona. Hakuna aliyemwona. Kauli ya mama ilibaki kama ilivyo: mji, shamba na zizi ni vya nyumba yake, na nyumba yake ni wanangu. Mwanaume yule aliondoka kabla uji haujaletwa. Pikipiki yake tuliisikia mpaka barabara kubwa.

Mimi niliingia jikoni nikajifungia, nikalia. Watu wakadhani nalia kwa furaha, na furaha ilikuwepo, sikatai. Lakini nilikuwa na hasira pia, hasira ya ajabu. Miaka yote ile nilikuwa nimejiambia kwamba katika nyumba hii mimi ni mkono wa kuleta moto na tumbo la kuzaa, basi. Nilikuwa nimeshazoea. Kumbe siku ile nilipopiga magoti nikikohoa, yule jiwe alikuwa ananitazama, na akakumbuka mpaka mahali nilipopigia magoti.

Jua lilipoanza kuegemea, kabla ng'ombe hawajarudi, nikamsikia kutoka uwanjani.

"Lete moto."

Nikajaza kiko. Nilichukua ile ya Itiryo waliyoiacha wazee, tupu, bila kuichanganya na chochote. Nikawasha, nikakohoa kama kawaida yangu, nikampa. Safari hii hakukipeleka mdomoni. Alikishika tu, akakitazama moshi unavyopanda.

"Niambie," akasema.

"Nikuambie nini, mama?"

"Ikoje."

Tangu nimefika kwake hakuwahi kuniuliza kitu chochote kikoje. Nikaketi karibu yake, juu ya ile ngozi, mahali ambapo sijawahi kuketi.

"Ni kali," nikasema. "Inaanzia kooni, siyo kwenye ulimi. Kwanza inakusukuma. Halafu ikishapita inaacha ladha ya moshi wa ndani ya nyumba, wa siku nyingi, ule unaoshika kwenye nguo. Si mkaa, mama, ni kuni zenye gome. Na kwa mbali kabisa kuna kitu kama... kama maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa."

Mama hakugeuza uso.

"Hiyo ni dari ya mama yangu," akasema. "Endelea."

Nikaendelea. Nilimweleza kila nilichokipata kwenye mvuto ule mmoja, na nilipoishiwa nikakichukua kiko mkononi mwake nikavuta tena, nikakohoa, nikaendelea kumweleza, mpaka ng'ombe wakaingia zizini na kiko kikazimika.

"Washa tena," akasema.